Fedha ya Shaba Ufukoni mwa Ziwa Mweru: Mwongozo kwa Aliyeokota, Aliyerithi na Anayetaka Kununua

Kipande cha shaba ya kale kikiibuka mchangani Kashikishi au shambani nyuma ya Nchelenge, upande wa Zambia wa Ziwa Mweru, mara nyingi safari yake huwa fupi. Mvuvi au mtoto hukiokota, mnunuzi wa vyuma chakavu hukipima kwa kilo, na baada ya siku chache kimo kwenye tanuri pamoja na nyaya za umeme na mabomba mabovu. Aliyekiuza hupata hela ya unga na sukari. Historia ya ziwa zima hupoteza ushahidi ambao hautapatikana tena.

Mwongozo huu ni kwa ajili yako unayeishi au kufanya biashara kwenye ufuko huu: Mzambia, Mkongo wa Pweto au Kilwa, Mtanzania aliyekuja kununua samaki. Utakusaidia kujua ulichonacho, kukipima bila kukiharibu, kukihifadhi, na kukifikisha kwa watu wanaoweza kukisoma. Jambo moja nalisisitiza kuliko yote: shaba ya kale ina thamani pale tu inapojulikana ilipatikana wapi na ilikuwa pamoja na nini. Kipande kizuri kisicho na kwao hakisemi mengi. Kipande kibovu chenye maelezo kamili kinaweza kubadilisha kitabu cha historia.

Kwa nini fedha ya shaba ipo hapa

Ng'ambo ya ziwa, upande wa magharibi, ndiko iliko nchi ya shaba ya Katanga. Kwa karne nyingi mafundi wa huko walichimba mawe ya kijani wakati wa kiangazi, baada ya mavuno, wakayayeyusha kwa makaa na viriba katika tanuri za udongo wa kichuguu, kisha wakaimimina shaba kwenye kalibu. Waliipa maumbo yanayohesabika na kubebeka. Umbo maarufu kuliko yote ni msalaba wenye mikono minne, ambao Wasanga wa huko huuita handa. Kwa misalaba hiyo watu walinunua bidhaa, walilipa mahari na kodi, na waliwazika wafu wao pamoja nayo.

Makaburi ya Sanga katika bonde la Upemba, yaliyoanza kuchimbwa na wataalamu mwaka 1957, yanaonyesha jinsi shaba ilivyogeuka fedha. Pierre de Maret, mwanaakiolojia aliyefanya kazi huko kwa miaka mingi, alionyesha kwamba misalaba ya mwanzo ni michache na mikubwa. Kadiri miaka inavyosonga, misalaba inakuwa midogo, inakaribiana kwa ukubwa, na inaongezeka idadi, mingine ikiwa imewekwa karibu na mikono au viuno vya marehemu. Kitu cha fahari cha wachache kiligeuka kitu cha kuhesabiwa na wengi.

Mto Luapula na Ziwa Mweru vilikuwa njia ya shaba hiyo kwenda mashariki. Ufalme wa Mwata Kazembe, uliojijenga bondeni humu katika karne ya 18 na ambao makao yake leo yapo Mwansabombwe, ulipokea shaba na chumvi kutoka ng'ambo ya mto kama kodi na kama bidhaa. Francisco de Lacerda, Mreno aliyetokea Tete, alifika huko mwaka 1798 na kufia huko huko. Wafanyabiashara wawili Waafrika kutoka Angola, Pedro João Baptista na Amaro José, walifika mwaka 1806. Antonio Gamitto alifuata mwaka 1831. Waswahili, Waarabu na Wanyamwezi nao walikuja na nguo, shanga na bunduki, wakarudi pwani na pembe, shaba na watumwa. David Livingstone aliliona Mweru Novemba 1867, na mwaka uliofuata aliandika habari za Said bin Habib kwamba amekusanya frasila 150 za pembe na frasila 300 za shaba. Kwa frasila ya ratili 35, hiyo ni shaba ya ratili 10,500, karibu kilo 4,760, iliyotakiwa kubebwa vichwani mpaka Bahari ya Hindi.

Kalasa, Mnyamwezi aliyefuata shaba ya Katanga, ndiye baba yake Msiri, aliyejenga dola ya Garenganze yenye makao Bunkeya na kuitawala mpaka alipouawa tarehe 20 Desemba 1891. Shaba haikuacha kuvuka ziwa hata baada ya hapo. Miaka ya 2000, madini ya shaba na fedha ya mgodi wa Dikulushi yalikuwa yakipakiwa Kilwa ya Kongo na kuvushwa kwa chombo hadi Nchelenge, kisha yanaendelea kwa malori. Kwa hiyo unapokuta shaba ufukoni, inaweza kuwa ya karne ya 15 au ya juzi. Kazi yako ya kwanza ni kutunza dalili za kutofautisha.

Hatua ya kwanza: usikiondoe kabla hujaandika habari zake

Maji yakipungua kuelekea mwisho wa kiangazi, ufuko hupanuka na vitu huonekana. Nyavu zinapopumzishwa kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari, wengi hushika majembe, na mashamba nayo hutoa vyake. Ukiona kitu, fanya hivi kwa mpangilio:

1. Piga picha kikiwa pale pale kilipo, kwanza kwa mbali ili mandhari ionekane (mti, nyumba, mtumbwi, mdomo wa kijito), kisha kwa karibu. Weka rula, au kiberiti kama huna rula, ili ukubwa ujulikane.
2. Fungua ramani ya simu na uandike namba za mahali ulipo. Simu haina mtandao? Pima kwa hatua kutoka kwenye kitu kisichohama, kama shule, kanisa au daraja, na uandike upande wa dira.
3. Andika kina: kilikuwa juu ya mchanga, au kiasi gani chini ya udongo? Kilicholala juu ya mchanga kinaweza kuwa kimeletwa na mawimbi. Kilichotoka ndani ya udongo uliotulia kina habari zaidi.
4. Tazama jirani zake bila kuchimba. Vigae vya vyungu, shanga, mifupa, mabonge meusi mazito ya taka za tanuri, vipande vya mirija ya udongo iliyoungua: kila kimoja kina maana yake. Taka za tanuri na mirija ni alama ya wahunzi. Mifupa na shanga ni alama ya kaburi.
5. Ukiona mfupa wa mtu, simama hapo hapo. Funika kwa udongo ule ule, weka alama, na uende kumwambia mkuu wa kijiji. Kaburi halifukuliwi kwa udadisi.

Unapoandika jina la mahali, jihadhari na Kilwa. Kuna Kilwa Kisiwani ya Tanzania, kuna Kisiwa cha Kilwa ndani ya Ziwa Mweru upande wa Zambia, na kuna mji wa Kilwa kwenye ufuko wa Kongo. Bahasha iliyoandikwa "shaba, Kilwa" itampeleka mtunza makumbusho kilomita mamia kutoka mahali penyewe. Andika nchi, wilaya, kijiji na jina la ufuko.

Hatua ya pili: linganisha umbo

*Misalaba na vipande vya kumiminwa.* Msalaba uliozoeleka zaidi, wa karne ya 19, una umbo la X, upana wake ni takriban sentimita 20, na mingi huwa na uzito usiofika au unaokaribia kilo moja. Kuna mingine ya zamani zaidi. Wataalamu huipanga kwa kufananisha na herufi: midogo yenye umbo la H, mikubwa yenye umbo la X iliyoinuka kingo. Kundi la hiyo mikubwa lilipatikana Ing'ombe Ilede, karibu na mto Zambezi kusini mwa Zambia. Mahali hapo paligunduliwa mwaka 1960 wakati wa kujenga miundombinu ya maji kwa watu waliohamishwa na bwawa la Kariba. Wafu wa Ing'ombe Ilede walizikwa kati ya karne ya 15 na ya 17 wakiwa na misalaba ya shaba, matita ya waya, vifaa vya kuvutia waya, shanga za dhahabu na za kioo. Vitu hivyo ni miongoni mwa ushahidi bora wa biashara ya shaba katika nchi hii.

Shika msalaba mkononi na uutazame polepole, kwenye mwanga wa asubuhi unaopita ubavuni. Upande mmoja huwa na uso usio sawa, wenye vishimo vya mapovu na mikunjo midogo kama ya uji unaopoa. Huo ndio uliokuwa juu, ukiangalia hewa, wakati shaba inaganda ndani ya kalibu iliyo wazi. Upande wa pili umechukua alama za kalibu yenyewe: chembe za mchanga au mikwaruzo ya kidole cha fundi kwenye udongo mbichi. Mikono minne huwa haifanani kwa usahihi. Mmoja hupungua kidogo pale shaba ilipoishia. Ukiona hayo yote, una sababu nzuri ya kuendelea na hatua zinazofuata.

*Waya, bangili na vifungo.* Shaba ya Katanga ilivutwa pia kuwa waya, ikasukwa kuwa bangili za mikono na miguu. Waya wa kale una unene unaobadilikabadilika, na mara nyingi umezungushwa juu ya uzi au singa. Waya wa umeme una unene mmoja mwanzo hadi mwisho.

*Sarafu.* Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa, kwa sababu ufuko huu umepitiwa na fedha za tawala nyingi. Tumia orodha hii:

- *Sarafu za Kilwa Kisiwani.* Ni ndogo, nyembamba, za shaba, zenye maandishi ya Kiarabu pande zote mbili. Upande mmoja una jina la sultani, kama Ali bin al-Hasan, na upande wa pili una maneno ya kumtegemea Mungu yanayofanya vina na jina lile. Hazina mwaka wala thamani. Nyingi hupatikana pwani ya kusini mwa Tanzania, lakini moja ilipatikana Zimbabwe Kuu, na nyingine ziliokotwa mwaka 1944 kwenye kisiwa kaskazini mwa Australia. Ukidhani umeipata Mweru, usiiguse zaidi ya mara moja: maelezo ya mahali yatakuwa muhimu kuliko sarafu.
- *Pesa za Zanzibar.* Za Sultani Barghash, za shaba. Ile ya mwaka 1299 wa Hijria (1882) ina picha ya mizani.
- *Pesa na heller za Wajerumani.* Pesa za shaba za 1890 hadi 1892 zina tai upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili. Heller za bronzi zilianza 1904 na zina taji. Zile zilizotengenezwa kwa dharura Tabora mwaka 1916, wakati wa vita, zina muhuri hafifu na ukingo usio sawa, na watu huzidhania bandia kwa sababu hiyo.
- *Sentimu za Dola Huru ya Kongo.* Za shaba, zilianza 1887, zina tundu katikati na nyota.
- *Senti za Afrika Mashariki.* Za bronzi, zenye tundu. Senti 5 na 10 zina pembe za ndovu zilizopinda kulizunguka tundu.
- *Penny na nusu penny za Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland.* Zilianza 1955, za bronzi, zenye tundu. Penny ina ndovu wawili, nusu penny ina twiga wawili.
- *Penny ya Zambia ya 1966.* Ya bronzi, ina tundu. Miaka miwili baadaye Zambia iliingia kwenye kwacha na ngwee, na sarafu za ngwee 1 na ngwee 2 za 1968 nazo ni za bronzi: ya kwanza ina mhanga, ya pili ina tai.
- *Faranga za Katanga za 1961.* Hizi zinastahili maelezo zaidi kidogo.

Tarehe 11 Julai 1960 Moïse Tshombe alitangaza Katanga kuwa nchi huru, na ufuko wote wa magharibi wa Mweru ukawa chini ya tangazo hilo mpaka Januari 1963. Katanga ilitoa sarafu zake za bronzi za faranga 1 na faranga 5. Upande mmoja ulichorwa ndizi, upande wa pili msalaba wa shaba. Bendera yake pia ilikuwa na misalaba mitatu. Dola iliyodumu miaka isiyofika mitatu, isiyotambuliwa na nchi yoyote, iliona kwamba ili fedha yake iaminike lazima ibebe umbo la fedha ambayo mababu waliiamini. Sarafu hizi hazina umri mkubwa, wala si adimu sana. Lakini ukiipata moja Nchelenge, muulize mzee wa hapo nani alivuka nayo na kwa nini. Waliovuka ziwa kukimbia vita vya miaka ile wana simulizi, nao wanazeeka.

Hatua ya tatu: pima

Vifaa ni vinne: sumaku, rula, mizani ya sonara inayosoma sehemu ndogo za gramu, na chombo cha maji safi kinachotosha kuzamisha kitu chote. Mizani ya samaki haifai.

*Sumaku.* Shaba, bronzi na shaba ya njano hazivutwi na sumaku. Kitu chekundu kinachovutwa ni chuma kilichopakwa shaba. Kipimo hiki ni chepesi na kinaondoa udanganyifu mwingi: ngwee 1 za 1968 hazivutwi, ila zile za miaka ya 1980 mwanzoni, zenye chuma ndani, zinavutwa.

*Rula na mizani.* Andika urefu, upana, unene wa sehemu tatu tofauti, na uzito. Kwa sarafu, andika pia kipenyo na upana wa tundu.

*Maji.* Hiki ndicho kipimo kinachokuambia chuma chenyewe ni kipi, bila kukikata. Weka chombo cha maji juu ya mizani na uirudishe kwenye sifuri. Funga kitu chako kwa uzi, ukizamishe kabisa bila kugusa kuta wala chini, ukiwa umeshika uzi. Namba utakayoisoma kwa gramu ndiyo ujazo wake kwa sentimita za ujazo. Gawanya uzito wa kitu kwa namba hiyo. Mfano: msalaba wa gramu 716 ukisoma 80, jibu ni 8.95.

Shaba safi hutoa 8.96. Bronzi, ambayo ni shaba iliyochanganywa na bati, hukaribia 8.8. Shaba ya njano, iliyochanganywa na zinki, huwa kati ya 8.4 na 8.7. Chuma ni karibu 7.9, risasi 11.3. Misalaba ya kale ina mapovu ndani, kwa hiyo jibu lake hushuka kidogo, na hilo ni la kawaida. Msalaba ukikupa 8.4, tilia shaka: huenda umeyeyushwa kutoka kwa mabomba na makufuli ya kisasa. Baada ya kipimo, kausha kwa kitambaa laini na uache kwenye hewa kavu siku nzima. Kitu chenye ungaunga wa kijani usikitie majini kabisa.

Hatua ya nne: usisafishe

Najua mkono unawasha. Kila mtu anataka kuona wekundu unaong'aa. Jizuie.

Ile ngozi ya kijani na kahawia iliyoivaa shaba imejengwa na udongo na miaka. Ndani yake hubaki alama za muhuri, nyuzi za kitambaa kilichoifunika, hata mbegu. Mtaalamu anaisoma. Limau, ukwaju, siki, majivu, mchanga, dawa ya meno na dawa za kung'arishia sufuria zote huila ngozi hiyo, na baada yake sarafu ya Kilwa inabaki kisahani cha rangi ya chungwa kisicho na neno. Ondoa tu udongo uliolegea, kwa brashi laini iliyo kavu au kijiti cha mti.

Jifunze kutofautisha kijani mbili. Kijani ngumu, laini ukiigusa, iliyoshika imara, ni salama. Kijani hafifu inayopukutika kama unga, inayorudi kila ukiipangusa, ni ugonjwa wa shaba: chumvi ya kloraidi inaila kutoka ndani, na unyevu ndio unaoilisha. Kitenge kitu hicho na vingine mara moja, kiweke pakavu, na ukipeleke kwa mtaalamu kabla ya vyote.

Hatua ya tano: kihifadhi

Hewa ya ufukoni ina unyevu mwaka mzima. Tumia kopo la plastiki ngumu lenye kifuniko kinachobana, na utie ndani vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Funga kila kitu peke yake kwa karatasi nyeupe safi au kitambaa cha pamba kilichofuliwa bila kupakwa wanga. Epuka mifuko laini ya plastiki inayonuka, mipira ya kufungia hela, na magazeti. Usitumie gundi wala kuandika juu ya kitu chenyewe. Andika kwa penseli kwenye karatasi, kisha karatasi iingie ndani ya kopo pamoja nacho: mahali, tarehe, kina, vipimo, na jina la aliyekiona kwanza. Kopo lisikae jikoni karibu na chumvi na moshi, wala kwenye chumba cha nyavu zenye maji.

Hatua ya sita: jihadhari na bandia

Misalaba mipya humiminwa leo na kuuzwa Lubumbashi na kwingineko kama pambo. Hakuna ubaya kuinunua kama pambo. Ubaya ni kuuziwa kama ya kale. Angalia kingo: mistari sawasawa ya jiwe la kusagia la umeme haikujulikana kwa wahunzi wa zamani. Angalia mikono: ikilingana kwa usahihi wa kiwandani, jiulize. Kama muuzaji ana mitano, ilinganishe yote. Vishimo vya mapovu vikiwa mahali pale pale kwenye kila mmoja, yote ni nakala za msalaba mmoja. Lowesha pamba kidogo, uipitishe pembeni: kijani ya rangi au ya tindikali hutoka na pamba, kijani ya udongo haitoki. Mwishowe muulize muuzaji kitu hicho kilitoka wapi. Muuzaji mwenye kitu cha haki ana jibu refu.

Hatua ya saba: peleka habari

Vitu vya kale nchini Zambia vinalindwa na sheria ya urithi ya mwaka 1989, inayosimamiwa na Tume ya Taifa ya Hifadhi ya Urithi, NHCC. Mtu akigundua kitu cha namna hii anatakiwa kutoa taarifa kwa Tume. Kuchimba mahali pa kale au kutoa vitu nje ya nchi kunahitaji kibali chake. Msafiri wa kwenda Tunduma au Pweto asitie msalaba kwenye gunia la samaki akidhani ni zawadi. Tanzania nayo ina Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na huko pia utaulizwa umeutoa wapi.

Anza nyumbani. Ardhi nyingi ya Nchelenge iko chini ya machifu, kama Kambwali, Kanyembo, na Nshimba wa Kisiwa cha Kilwa. Njia ya heshima inapita kwa mkuu wa kijiji kwanza. Kaa chini, sabahi kwa lugha ya pale, kisha sema shida yako bila haraka:

"Mulishani mukwai, bashikulu. Tumekuta hiki shambani. Hatukukisafisha wala hatujakiuza. Tunaomba kujua kama kuna mtu anayekifahamu, na tuende naye ofisini."

Mzee akisema kitu hicho ni cha ukoo, kilikuwa cha mahari ya bibi fulani au kilirithiwa pamoja na jina, basi hujaokota kitu kilichopotea. Kirudishe, na uombe ruhusa ya kuandika simulizi tu. Simulizi hiyo ni hazina kamili. Mwata Kazembe wa 14, Chinyanta Nankula, alijua hivyo alipoandika kwa Kibemba historia ya watu wake, *Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi*. Mengi tunayoyajua leo kuhusu bonde hili yalihifadhiwa na wasimulizi kabla hayajaguswa na mchimbuzi.

Kama hakuna mwenyewe, Tume ijulishwe, na makumbusho yahusishwe. Iliyo jirani zaidi na kaskazini hii ni Moto Moto, Mbala. Za Livingstone na Ndola nazo zina watu wanaojua shaba. Peleka picha na karatasi yako kwanza, kitu kifuate baada ya kuelekezwa. Omba upewe hati iliyoandikwa ya kukipokea, yenye maelezo ya kitu, jina la kijiji na jina la aliyekiokota. Hati hiyo ni haki yako na ya kijiji chako, na ndiyo itakayomwezesha mwanafunzi wa miaka hamsini ijayo kurudi Kashikishi na kuuliza tena.

Ukikutana na mnunuzi wa vyuma chakavu

Usigombane naye. Naye anatafuta riziki. Zungumza naye kabla shaba haijafika kwake: mwonyeshe picha za misalaba na sarafu zenye tundu, mwombe akiona umbo la namna hiyo akuite au amwite mwalimu wa historia wa shule iliyo jirani kabla ya kulipeleka kwenye tanuri. Fanya hivyo pia na wanaopokea samaki bandarini na waendesha boti za visiwani, kwa kuwa mizigo yote inapita mikononi mwao. Mwalimu akiwa na daftari moja shuleni la kuandikia vitu vinavyookotwa kata nzima, hata vile ambavyo wenyewe hawataki kuvitoa, ufuko wa Mweru utakuwa na kumbukumbu yake wenyewe. Daftari hilo linaweza kuanzishwa wiki hii, na ukurasa wa kwanza unahitaji safu tano tu: mahali, tarehe, umbo, uzito, na aliyekiona.